Sinywi Mpaka Kisima Kitoe

3 Februari

Mpwa wangu Daktari,

Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaiandika, na marahaba yangu nzito iko njiani. Sisi huku wazima. Mama yako mzima, kila asubuhi anagombana na kuku wa jirani na mpaka sasa kuku wanaongoza. Mimi ni mzima kupita kiasi, mpaka watu wananilalamikia.

Usishangae kupata barua. Simu yangu ilitumbukia kwenye kisima cha fundi cherehani mwezi uliopita, futi arobaini na mbili, na ninavyoijua bado inaita huko chini. Nyingine siitaki. Barua unaikunja, unaitia mfukoni, haiombi chaji.

Mzigo wako umefika. Shati limenikaa kama nilizaliwa nalo. Lakini vile vidonge vyekundu vya mgongo, hapo ndipo umeniua. Nilikuwa naamka nikilia kama mlango wenye kutu, sasa naruka kitandani mama yako anashtuka. Karatasi ya maelekezo niliisoma nusu, nusu nyingine Winchi akawashia jiko. Unamkumbuka Winchi, mwenzangu anayevuta ndoo za udongo juu, mwenye mikono kama mapaja ya mtu. Ile nusu niliyosoma ilisema viwili kwa siku. Mpwa wangu, viwili ni vya makarani. Mtu aliyewahi kupasua mwamba kwa nyundo iliyovunjika mpini, huku akipiga mluzi, huyo mpe sita.

Nimepata kazi ya kisima cha shule. Wachimbaji watatu wamekikimbia, wanasema ni jiwe tupu. Nimewaambia walimu nitawatolea maji ndani ya wiki. Jua la mwaka huu limekausha hata mate ya waongo, ila mimi bado ninayo. Na sheria yangu unaijua, niliachiwa na babu yako: nikishaanza kisima sinywi maji ya mahali pengine mchana kutwa, mpaka kisima chenyewe kitoe. Kisima kina wivu. Kikikuona unakunywa ya mwenzake, kinakunyima yake. Walimu waliniletea jagi la maji nikaligeuza likamwagikia maua. Wamebaki wananitazama kama sinema.

Nimewaambia pia kwamba mpwa wangu ni daktari mkuu huko mjini. Mwalimu mkuu aliondoa kofia.

Mimi mjomba wako, ambaye hajashindwa na shimo lolote.


17 Februari

Mjomba, shikamoo.

Huku mimi mzima. Mvua imenyesha jana na chumba changu kimevuja pale pale penye kitanda, kwa hiyo nimehamisha kitanda, sio kwamba nimeziba paa. Umenirithisha hiyo tabia.

Kwanza, mimi si daktari. Nimekuandikia hivyo mara tisa. Najifunza kuuza dawa. Napanga maboksi kwenye rafu, na mfamasia, ambaye sote tunamwita Bosi Mama, ananiruhusu kukaa kaunta siku mbili kwa wiki huku akinisimamia begani. Mwambie mwalimu mkuu arudishe kofia yake.

Pili, viwili kwa siku. Kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya kula, siku tano tu halafu basi. Na maji mengi. Hiyo ndiyo nusu aliyowashia jiko Winchi. Umemeza ngapi mpaka sasa? Nijibu kwa namba, usinijibu kwa hadithi.

Tatu, nisamehe nikikosa adabu, lakini kisima hakina wivu. Kisima ni shimo. Kunywa maji.

Najua utacheka. Cheka, lakini nijibu haraka.

Mpwa wako.


6 Aprili

Mpwa wangu Daktari,

Marahaba. Mama yako mzima, amekonda kidogo kwa kupanda ngazi za hospitali, maana lifti yao imekuwa pambo. Kuku wa jirani wameingia ndani ya nyumba tulipokuwa hatupo, mmoja ametagia kwenye kofia yangu. Winchi anakusalimu.

Sikukujibu haraka kwa sababu nilikuwa na kazi nyingi ya kulala. Nasikia mama yako alikupigia kwa simu ya jirani akakwambia nina homa. Homa! Mtu kama mimi halazwi kwa homa. Nimelazwa chumba cha wagonjwa mahututi siku kumi na nne, kitanda cha katikati, chenye waya nyingi kuliko vyote, na sasa niko wodi ya kawaida. Ukihadithia, hadithia hivyo.

Walimu walichelewa kupata fedha, kuchimba tukaanza mwezi wa tatu. Ilikuwa siku ya nne, futi hamsini na tatu. Jua lilikuwa linashuka mpaka chini kunitafuta. Miguu ikawa si yangu. Winchi anasema nilianza kuzungumza na ndoo. Mwongo, nilikuwa naiamrisha. Alishuka, akanifunga kamba kifuani, akapanda, akanivuta. Yeye anasema walimsaidia walimu wanne. Mimi nasema walikuwa tisa, na bado kamba ililia.

Hospitali wakanitia mpira wa mkojo, mfuko ukaning'inia kando ya kitanda. Kila saa muuguzi anainama, anautazama, anaandika sifuri. Saa nyingine tena, sifuri. Sijapewa sifuri nyingi hivyo tangu darasa la nne, nilipoiachia shule sifuri zake nikaondoka.

Daktari wa kile chumba ni msichana mwenye miwani na viatu vya raba. Sauti ndogo, lakini hasogei hata umsukume na trekta. Akaniambia mbele ya mama yako, "Mjomba, figo zako zimesimama ghafla."

Nikamwambia, "Zinapumzika. Zimefanya kazi sana."

"Zikipumzika hivi siku mbili, moyo utazifuata."

Akanionyesha karatasi ya moyo. Mistari ilikuwa imechongoka kama meno ya msumeno. Kuna chumvi ya mwilini inaitwa potasiamu, figo ndizo huitoa, zikigoma inajaa kwenye damu na kuuzuia moyo kupiga. Wakanichoma kalsiamu ya kuukinga moyo. Halafu wakaja na sukari pamoja na insulini. Hapo nikapiga kelele: sina kisukari mimi! Akasema anajua, ile ni ya kuifukuza potasiamu itoke kwenye damu ijifiche kwa saa chache, wakati wao wanatafuta la kufanya. Mpwa wangu, niliona hapa nimekutana na watu wenye mbinu.

Dripu walinipa nyingi mwanzo, kwa sababu nilikuwa mkavu kama matofali. Presha ikainuka kidogo. Mkojo, hakuna. Kesho yake kifua kikaanza kuchemka nikihema, wakaifunga dripu. Nikawaambia nyie mnanipa kisha mnaninyima. Yule wa miwani akasema, "Ndoo ikijaa, wewe unaendelea kumimina?" Nilinyamaza. Mimi! Mama yako ni shahidi.

Halafu wakaleta mashine. Kubwa kama kabati la vyombo, ina vioo na mipira. Inavuta damu shingoni, inaisafisha, inairudisha. Nikasema hapana. Niliisema mpaka wodi ya wazazi wakaisikia. Kila mtu anajua, ukishawekwa mashine umeolewa nayo. Mdogo wake fundi cherehani aliwekwa, akawa anakwenda mara tatu kwa wiki mpaka tulipomzika.

Yule msichana akavuta kiti. Hawakai wale, lakini yeye alikaa.

"Wanasema wewe ni mchimba visima."

"Wanasema hivyo mpaka nchi za nje."

"Kisima chako kikikauka kiangazi, unakifukia?"

"Nikifukie kwa nini? Nangoja mvua. Watu nawaletea maji kwa pipa."

"Basi hii ndiyo pipa," akasema. "Huyo ndugu wa fundi cherehani, figo zake zilikufa polepole miaka mingi. Zako zilikuwa nzima mwezi uliopita. Zimepigwa, hazijafa. Nyingi za namna hii huamka, wiki mbili, tatu, nyingine zaidi. Siwezi kukuahidi. Lakini bila pipa, hutafika kwenye mvua."

Nilisaini.

Mashine ilizunguka polepole siku tatu mfululizo bila kuzimwa, maana presha yangu ilikuwa chini na ile ya haraka ingeniangusha. Baadaye wakanihamishia hiyo ya haraka, ya muda wa saa nne, leo ndiyo, kesho hapana. Siku ya kumi na mbili mfuko ukapata mkojo, kikombe cha chai kizima. Mama yako alilia kama nimejifungua. Muuguzi akaandika namba, nikamwambia aikoleze wino.

Kilichonikera ni maswali. "Umetumia dawa gani? Za maumivu? Za miti shamba?" Asubuhi swali, jioni swali. Mimi nimefunga mdomo kama kisima kilichofukiwa. Mama yako hajui. Winchi anajua, na Winchi hasemi.

Sasa jambo lenyewe. Kitanda hiki cha wodi kimeuamsha mgongo. Winchi ameniletea kikopo changu, nakilalia chini ya mto. Vidonge vimebaki vichache, nitumie vingine. Cha ajabu ni kwamba tangu nihamie huku mkojo umepungua tena, umerudi nusu kikombe, na yule wa miwani anakuna kichwa. Mwache akune. Wao wana mashine, sisi tuna daktari wetu.

Mjomba wako, aliyerudi kutoka mahali ambapo wengi hawarudi.


14 Aprili

Mjomba,

Leo sisalimii mtu.

USIMEZE. Hata kimoja. Hata nusu. Ukimaliza kusoma mstari huu kitoe kikopo chini ya mto umpe muuguzi, halafu ndipo uendelee kusoma.

Umempa?

Vile vidonge huondoa maumivu, lakini pia hubana vijishipa vinavyopeleka damu kwenye figo. Mtu mzima aliyekunywa maji yake, siku tano, kwa kawaida havimsumbui. Mtu anayechimba juani siku nne bila kunywa, anameza sita sita, huyo tangi lake tupu na bomba amelifunga mwenyewe. Ndicho kilichozisimamisha. Na ndicho kinachozilaza tena sasa. Zilianza kuamka, Mjomba! Kikombe kizima! Wewe ukazipiga tena.

Daktari hakuni kichwa kwa kukosa akili. Anakuna kichwa kwa sababu umemficha.

Mwambie. Sema jina la dawa, sema ngapi, sema tangu lini. Jina langu likihitajika, sema.

Nilipiga simu hospitalini juzi. Ilipokelewa. Nikakata. Usiniulize kwa nini.

Mpwa wako.


22 Aprili

Mpwa wangu Daktari,

Marahaba, ingawa hukunisalimia. Nimejisalimia mwenyewe kwa niaba yako. Mama yako mzima. Yule kuku wa kwenye kofia ameangua saba, sasa kofia siwezi kudai.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea Winchi, naye akatoka nje akakaa kwenye ngazi.

Sasa nisikilize. Nilikubeba kwa mgongo huu huu unaouma, ulipokuwa na surua, tukavuka mto uliofurika, maji yamenifika hapa, na mamba wawili wakatupisha. Sikukuangusha. Unadhani leo nitakuangusha kwa ajili ya mkojo? Wewe bado mwanafunzi. Wakisikia kwamba mtu kaletwa hapa na vidonge vya binti fulani wa duka fulani, watakuacha? Watakufukuza hata kwenye hayo maboksi. Nimetoboka shingo na mikono yote miwili, nimetiwa mpira mahali nisipoweza kuandika kwenye barua ya mpwa, sikutaja. Nitaje leo nikiwa nakunywa uji?

Na hiyo habari ya kubana vijishipa, umeiandika ukiwa na hofu. Naijua hofu, nimeiona kwa wengine. Dawa iliyotoka mkononi mwako haiwezi kunidhuru. Ila nimekusikia. Sita nimeacha. Sasa nameza viwili kwa siku, asubuhi na jioni, baada ya kula, kama ulivyoagiza tangu mwanzo. Vyako viliisha, Winchi akaenda na kikopo dukani karibu na kituo cha mabasi, akakionyesha, wakampa bila swali hata moja. Umeona? Dawa ingekuwa mbaya wangeuliza.

Mashine bado naiona mara tatu kwa wiki. Yule wa miwani alikuja jana, hakukaa. Amesema figo zikiendelea kulala hivi mpaka katikati ya mwezi wa tano, watanipasua mkono waunganishe mishipa, njia ya mashine ya kudumu. Nikamwambia mkono huu ni wa nyundo. Akasema anajua, ndiyo maana anauliza tena: umetumia nini? Alinitazama sana. Nikatazama dari. Ina ufa unaofanana na ramani.

Usiogope. Mimi sijawahi kumtaja mtu.

Mjomba wako, mwenye siri kama bahari.


1 Mei

Shikamoo Mjomba.

Utakapoisoma hii utakuwa umeshanikasirikia, kwa hiyo naandika bila kujikunyata.

Mara ya kwanza nilikata simu kwa sababu muuguzi aliuliza, "Wewe ni nani?" Swali dogo tu. Nilishika kile chombo nikaona kaunta yangu, koti langu jeupe, maboksi, wewe ukiwaambia watu mimi ni daktari mkuu, nikakirudisha kama kinaunguza. Ulikuwa unaficha huko, na mimi nilikuwa naficha huku. Nakuandikia kwa herufi kubwa usimeze, halafu nakata simu. Zaidi ya wiki mbili nilingoja wewe uwe jasiri kwa niaba yangu.

Barua yako ya viwili kwa siku imefika leo asubuhi. Sikumaliza kuisoma. Nimepiga simu nimesimama. Muuguzi akauliza, "Wewe ni nani?" Nikataja jina langu, la baba, la babu, na la duka ninakojifunza. Nikamtaka daktari mwenye miwani. Amekuja, nimemwambia yote: jina la dawa, sita kwa siku, sheria ya kisima, kikopo chini ya mto, duka la kituo cha mabasi. Hakunikatiza. Mwisho akasema, "Asante. Huyu mjomba wenu ana mdomo mgumu kuliko jiwe analochimba."

Nimemwambia pia Bosi Mama. Sikungoja aulizwe na mwingine.

Na wewe nikwambie lile ambalo sikuliandika. Bosi Mama alinifundisha, kabla ya kumpa mtu vile vidonge uliza: ana umri gani, ana presha, anakunywa maji kiasi gani, anafanya kazi gani. Mjomba, mimi kazi yako naijua tangu sijaota meno. Sheria ya kisima naijua. Sikujiuliza hata swali moja. Niliviweka juu ya shati nikafunga mzigo kwa sababu nilitaka ufungue, ucheke, uwaambie watu: hii imetoka kwa daktari wetu. Nilikuwa nakukatalia kwenye barua, kumbe nalipenda hilo jina.

Bosi Mama hakunifukuza. Amenitoa kaunta miezi mitatu, nifagie na kupanga maboksi. Akasema, "Ungemwacha akapasuliwa mkono, hapo usingerudi hata mlangoni." Kwa hiyo ukuta ulionijengea nimeubomoa mwenyewe. Siutaki.

Kasirika. Lakini kasirika ukiwa hai.

Mpwa wako.


16 Juni

Mpwa wangu,

Marahaba, tena marahaba ya mtu mwenye figo. Mama yako mzima. Vifaranga ni saba bado, wamehamia kwetu moja kwa moja, na jirani anadai. Mama yako amemwambia alete kofia mpya kwanza.

Nilikasirika, ndiyo. Nilikasirika siku nne, na kwa kipimo changu hizo ni nyingi. Barua yako ilikuwa haijafika bado. Nimelala zangu, yule wa miwani akaja na viatu vyake visivyo na sauti, akasimama, akanyoosha mkono kama mwalimu.

"Leta."

"Nilete nini?"

"Kikopo."

Nikajaribu kumhadithia habari za ufa wa darini. Mkono haukushuka. Nikakitoa. Akakifungua, akahesabu, akaandika.

"Nani kakwambia? Winchi?"

"Mpwa wako."

Damu yote iliyosafishwa ikanipanda kichwani. Nikamwambia hakuna mpwa, mpwa ni jina tu la mtu mmoja. Akasema, "Ametaja jina lake lote, la baba na la babu. Nilimwambia anaweza kuniachia habari bila jina. Akasema liandike."

"Alisema liandike?"

"Akalirudia herufi kwa herufi."

Mpwa wangu, nilinyamaza. Mara ya pili kwenye maisha yangu, na zote mbili kanishuhudia msichana yule yule. Kisha nikageuka kwa mgonjwa wa kitanda cha dirishani, ambaye ni kiziwi kidogo, nikamwambia kwa sauti ya kumfikia: umesikia? Jina lote! Herufi kwa herufi! Huyo ndiye niliyemvusha mto! Wodi yote ikasikia. Yule wa miwani akasema nipunguze sauti, nikamwambia aninyime dawa lakini hilo asininyime.

Vidonge vikatupwa mbele ya macho yangu. Mgongo wakanipa dawa nyingine isiyogombana na figo, wakanikanda kwa maji moto. Uliniuma. Nilikaa nao. Siku ya tatu mkojo haukusogea. Nikamwambia Winchi, unaona, mtoto kajitia kitanzi bure. Siku ya sita, kikombe. Ya nane, vitatu. Ya kumi na moja, nasema hili nikiwa nimeshika karatasi ya hospitali wala siongezi hata tone: LITA NNE NA NUSU. Muuguzi alibadilisha mfuko mara tatu, akadhani umetoboka. Daktari anasema figo zikiamka huanza kwa kumwaga hovyo kabla hazijakumbuka kazi yake, kwa hiyo wakawa wananipima uzito kila asubuhi na kunirudishia maji na chumvi nisikauke tena. Mimi nasema ilikuwa rekodi ya wodi. Niliomba waibandike ukutani. Wamekataa. Wivu.

Mwezi wa tano ulipofika katikati, hawakunipasua mkono. Walichomoa mpira wa shingoni. Ule uzi wa kushonea niliomba nirudi nao nyumbani, wakakataa pia.

Sasa niko nyumbani. Figo hazijarudi zote, amesema hivyo bila kunibembeleza. Damu nitapimwa kila mwezi, vidonge vya aina ile mwiko mpaka naingia kaburini, na kushuka kisimani, si mwaka huu. Niliuliza mwakani. Akasema njoo mwakani tuulizane. Yule hasogei, nimekwambia.

Ile habari ya daktari mkuu nimeifuta. Nilikwenda mwenyewe kwa mwalimu mkuu. Nikamwambia mpwa wangu si daktari, ni mwanafunzi wa duka la dawa, kwa sasa anafagia. Akaanza kuvaa kofia. Nikamwambia ngoja kwanza, nikamhadithia mpaka mwisho. Kofia ilibaki mkononi mpaka naondoka. Winchi naye nimempeleka lile duka la kituo cha mabasi. Tuliwauliza maswali yako manne kwa sauti, mbele ya wateja wao, mpaka muuzaji akajificha nyuma ya rafu. Ukirudi kaunta, mwezi wa nane, ukaulize hayo hayo. Mtu akikasirika mwambie mjomba wako ana urefu wa futi saba.

Kisima cha shule hatujakiacha. Winchi ndiye yuko chini leo, mimi niko juu nimeshika kamba, nimekaa kwenye kiti cha mwalimu kama mfalme aliyestaafu. Asubuhi alitaka kushuka mikono mitupu, kishujaa, kama nilivyomfundisha. Nikamrudisha. Nikateremsha dumu la maji kwanza, halafu sururu, halafu yeye. Akanung'unika huko chini kwamba kisima kitaona wivu. Nikamwambia anywe kwa sauti.

Tuko futi hamsini na sita na ni jiwe bado. Nimekunywa vikombe vitatu nikiandika barua hii, nimekaa ukingoni kabisa, kinione.

Mjomba wako.